Herufi Kumi

Jumatatu mhariri alimpa Winifred neno moja,
kielezi cha herufi kumi,
na muda hadi Ijumaa.
Andika maana na mfano mmoja, akasema,
ila usiwe wa kifo. Vifo tunavyo vya kutosha.

Winifred Outhwaite hutunga kamusi jikoni,
katika nyumba ya mwisho ya barabara ya Skelsby,
ambayo zamani ilikuwa ya tisa.
Nane zimekwenda na udongo, zikamezwa na bahari ya kijivu.
Toka dirishani hadi ukingoni ni hatua kumi na nne.
Mwaka juzi kamba ya nguo ilikuwa na nguzo mbili.

Alianza: *kwa namna isiyoepukika.*
Akafuta. Huko ni kulizunguka neno,
kama kumwelekeza mgeni mlangoni kwa kugongagonga ukuta.
Akaandika: *pasipo budi, hata ungefanyaje.*
Hiyo akaiacha ipoe.

Akatoka kulisikiliza neno midomoni mwa watu.
Mkaanga chipsi alilitumia kwa mvua ya Jumamosi.
Tarishi, kwa treni ya saa mbili iliyofika saa tatu.
Dada yake, kwenye simu, kwa shemeji
aliyerudia chupa baada ya siku arobaini.
Wote walilitamka na kicheko kidogo, cha puani.

Ndipo akang'amua:
hakuna aliyelitanguliza.
Mvua hunyesha kwanza, kizibo hung'oka kwanza,
kisha neno huja na mwavuli mkavu kwapani,
likijidai lilijua.
Ikiwa majuto ni mjukuu, hili ni binamu yake,
yule asiyelia msibani,
anayehesabu viti.

Isipokuwa Desmond wa halmashauri.
Yeye alikuja na mkanda wa kupimia, akainama,
akaandika tarakimu,
akalitamka neno lile kuhusu jambo ambalo bado,
huku akitazama viatu vyake.
Hakucheka.
Winifred akamkaribisha chai. Akainywa amesimama.

Usiku wa Alhamisi upepo ulivuma kutoka kaskazini.

Ijumaa alituma maana mbili, zenye namba.
Ya kwanza: *pasipo budi, hata ungefanyaje.*
Ya pili: *hutumiwa na msemaji
ambaye angependa asishangae.*
Na mfano: *Alianika shuka karibu mno na ukingo,
na upepo, pasipo budi, ukazichukua.*

Mhariri aliupenda.
Aliuliza tu, pembeni, kwa penseli,
kama shuka zilipatikana.