Ndoo Mbili za Kafubu

Ndoo ya kwanza niliiteka chini ya bomba la kiwanda,
maji meupe, yanaonyesha hata kutu ya kitako.
Ya pili niliiteka damboni, nyuma ya matuta ya lengalenga,
maji rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni.
Mama Nkulu alikuwa ameinama akikata mboga.
"Weye wa koti jeupe, hayo machafu ni ya nini?"
Sikuwa na jibu fupi.

Shaba ilikuwamo katika zote mbili.
Niliipima mara tatu, umeme ukikatika mara nne:
kiasi kilekile, tofauti ya unyoya.
Basi nikatia vifaranga vya kambale, kumi huku, kumi kule,
nikafunga maabara, nikarudi Katuba kula bukari.

Asubuhi, juu ya maji meupe, matumbo meupe.
Tisa.
Wa kumi alikuwa akizunguka kama anayetafuta mlango.
Kwenye chai, wote kumi walikuwa chini
wakigombea tope.

Sikiliza, Mama Nkulu, jibu refu ni hili.
Jani la miombo likianguka halifi siku hiyo.
Mvua hulitafuna, kuvu hulitafuna, miaka hulitafuna,
mpaka kibaki kitu kisicho na umbo wala jina moja;
tunaita mboji, tunaita asidi, kwa kukosa neno,
kitu cheusi chenye mikono mingi.
Na kila mkono umedondosha punje yake ya uchachu,
uko wazi, unadai.

Shaba ya majini si shaba ya waya.
Ni chembe iliyonyang'anywa viwili, uchi, yenye njaa,
inapiga hodi kwenye matamvua ya samaki
na kuingia kabla ya kuambiwa karibu.
Mkono mmoja wa mboji huishika ikaponyoka.
Miwili huibana
kama gando la kaa kwenye kidole cha mtoto.
Kobalti nayo ilikuja, ikakuta viti vimekaliwa;
yenyewe hushikwa kwa ncha za vidole tu.

Baba yangu, Mwepu wa tanuri,
miaka ishirini na sita chini ya bomba refu la moshi,
alitufundisha kwamba maji safi ni yale
unayoona ndani yake vidole vya miguu yako.
Nilipomwambia habari za kambale alicheka,
akakohoa, akacheka tena, kisha akanyamaza
akiitazama miguu yake.

Lakini sikuja kuusifu uchafu.
Kushikwa si kuzikwa.
Nilichota gilasi moja ya chai ile
(gilasi, si ndoo, nilikuwa nimeshawahesabu mno wale kumi)
nikadondosha tindikali, tone, tone, tone.
Punje za uchachu zikarudi kwa maelfu,
kila moja ikidai kiti chake cha zamani,
na mikono ikafumba, ikaachia.
Mshale wa kipimo ukainuka
kama mtu aliyesikia jina lake.
Hilo ndilo bwawa lao litakalotufanyia
usiku likipasuka ukuta.
Na huku damboni wamekwisha piga vigingi,
wanasema ni viwanja, wanasema ni maji ya bure tu yanayooza.

Mama Nkulu alisikiliza hadi mwisho, kisu mkononi.
"Sawa. Na mboga zangu?
Ndani ya jani, shaba imeshikwa ao imeachiwa?"

Tazama swali hilo.
Miaka mitano ya chuo, na sikuwa nalo.

Nikanunua fungu la franka mia tano, kwa kupima.
Akaniongezea shina moja, matabishi.
Liko mezani sasa, mizizi yake na udongo wake mweusi.
Bado sijaliosha.
Sijui niliosheje,
kwa maji yapi.