Shibiri na Vidole Viwili

Mtu wa kampuni kaacha fomu juu ya kaunta,
kalamu ya bure, na bahasha iliyokwisha lipiwa.
Swali la tisa, la mwisho, lina visanduku viwili:
"Je, tutoe kishikwambi kidogo zaidi, cha bei nafuu?"
Ndiyo. Hapana. Tia alama.

Ami Mbaruku hakungoja hata nimalize kusoma.
"Tia hapana. Rahisi yavunja upishi.
Kikubwa kimoja kinanilipia umeme wa wiki,
kidogo kitanipa riali mbili na kelele za marejesho."
Akatoka kutafuta karaki,
akaniachia duka, na Ruwi yote
inayochemka nje ya kioo.

Nilitaka kumtii.
Nilimkumbuka Bi Zuwena wa Wadi Kabir
alivyokisukuma kile kidogo cha mwaka juzi kwa ncha ya kidole:
"Mwanangu, hizi si herufi, ni chawa hawa."
Alichukua kikubwa kuliko vyote.
Sasa anasoma Yasini kama asomaye bango la barabarani,
miwani kaitia mtotoni, na anataka watu wamwone.

Lakini kuna Tatu.

Tatu wa Handeni, anayefanya kazi nyumba ya watu huko Al-Khudh.
Ijumaa moja kwa mwezi ni yake, baada ya sala,
na Ijumaa hiyo akishuka basi hapiti kwengine.
Hasemi "punguza". Hajawahi.
Huweka kiganja juu ya kioo cha kabati,
pale chini yake palipo riali mia na kumi na tisa,
akapima: shibiri, na vidole viwili.
Kisha hupeleka kipimo kile kile tumboni
kupima mfuko wa aproni,
yaani hupima hewa,
maana aproni kaiacha msumarini, jikoni kwa wenyewe.
"Kinazidi," husema.
Sijui ni urefu au ni bei.

Mwanawe hulipiga picha daftari la hesabu, akamtumia.
Kwenye simu ile iliyopasuka
saba na moja ni pacha.
Mama husahihisha kwa kukisia,
usiku, shuka kalivuta mpaka utosini
mwanga usije ukachungulia chini ya mlango.
Kikubwa kingetangaza chumba kizima.

Na bado nasita.
Nawajua hawa: wakipunguza kimo hupunguza na roho.
Betri ya kuzimia adhuhuri,
kioo cha kupasuka kwa kutazamwa,
na asiyenacho hununua kitu kimoja mara mbili.
Ami hajakosea.
Hilo ndilo linaloniudhi.

Ijumaa iliyopita nikamwambia, "Weka mkono hapa."
Niliigeuza fomu, upande mweupe,
nikauchora mkono wake kwa kalamu ya kampuni:
gumba, kisha kovu la pasi, nikalizunguka taratibu,
kidole cha mwisho kimepinda,
nikakifuata kilivyopinda.
Alicheka, ncha ilimtekenya.
Katikati ya kiganja nikaandika: riali arubaini.
Nikamtazama viatu.
Nikaikata arubaini, nikaandika thelathini na tano.

"Na hicho kikitoka," akauliza, "kitaishi miaka mingapi?
Wangu yuko darasa la nne."
Nikahesabu mpaka la saba.
Nikaandika chini ya kifundo cha mkono:
miaka mitatu, na isipungue hata siku.

Visanduku sikuvigusa.
Ami alirudi na vikombe viwili, akaitazama karatasi,
akanywa kimoja, akanywa na cha pili, hakusema kitu.

Bahasha waliyotupa ni ndogo.
Ilinibidi niukunje mkono,
vidole vikafumba juu ya bei.