Kona

Tulipima kila kitu isipokuwa ngoma.
Tulipima jua la saa tisa, mteremko wa mvua,
mkono wa Nayra alipouinua, magoti ya bikizee.
Mlangoni tukachora kona moja kali,
ili upepo wa mlimani uchoke kabla ya kuingia.
Profesa Ugarte aliisifu kona ile. Mara mbili.

Kisha udongo. Miezi minne juu ya Cochabamba,
tukikanyaga tope na nyasi kavu, miguu mitupu,
Wilmer, asiyejua mpini wa sepetu,
akijifunza matusi ya Kikechua kwa wauza viazi,
nao wakimcheka, wakimletea supu.

Siku moja kabla ya kufungua, bendi ya mtaa ikaja.
Tarumbeta zikapita. Matoazi yakapita.
Don Casiano akafika konani na ngoma kuu,
akailaza, akaisimamisha, akaisukuma kwa tumbo,
kama mtu apitishaye kitanda ngazini.
Ikagoma.
Akakaa papo hapo, akavua kofia.
"Nyumba nzuri," akasema. "Mmemjengea nani?"

Usiku ule hatukulala. Kwa mwanga wa simu
tukabomoa kazi ya wiki tatu,
Nayra ameshika futikamba, anaizungushia ngoma
taratibu, kama fundi cherehani apimaye bwana harusi.

Sasa upepo unaingia.
Wazee wanaulaani, wanajifunika mablanketi, hawaondoki.
Na pale kona ilipokuwa
ukuta umebaki na kovu, rangi mbili za udongo;
watoto hulipitishia kidole wakienda kucheza.