Deiby Hajui Kupuliza

Nimemwambia: kama supu ya moto, mwanangu,
kama mshumaa wa keki —
akavuta. Mrija ukalia kama ndama,
mfuko wa fedha ukanywea,
naye akacheka hadi kwikwi.

Tumeshuka alfajiri kutoka Túquerres kuja Pasto,
yeye na njaa yake (hata chai hakuonja),
mimi na ukungu wa volkano mabegani.
Nesi Fanory amemnywesha maji ya machungwa
yenye unga usio na ladha.
"Akiwamo kidudu tumboni, ataula unga huu,
na pumzi itamsema."

Pumzi kumsema!
Kwetu haijawahi kusema kitu mapema.
Baba mkwe alikuwa akishika hapa tu, chini ya kifua,
akiomba mnanaa, akiomba mnanaa,
mpaka suruali yake ikafungwa kwa kamba ya gunia la viazi.
Na Yulisa wangu, wa miaka sita,
alishikwa na watu wanne
mpira wenye jicho ukashuka kooni.
Hadi leo hamezi kidonge
bila kunitazama kama msaliti.

Haya, Deiby. Tena.
Anapulizia nywele za nesi. Anapulizia nzi.
Anapulizia kila kitu isipokuwa mrija.
Wakamvika kinyago, akalia;
kilio nacho ni pumzi, nikasema,
lakini mashine haipokei kilio.
Tena kwa wadogo hivi, Fanory akakiri,
mashine huweza kudanganyika:
hata vidudu vya kinywani hula ule unga
vikasingiziwa wa tumboni.

Akanipa kikopo chenye kifuniko chekundu.
"Leta choo chake. Choo hakifundishwi."

Usiku ule nyumbani, juu ya bakuli la supu,
bila kuombwa na mtu,
alipuliza. Pumzi ndefu, safi, ya kiume,
mpaka shayiri ikasogea ukingoni.
Nilitaka kumfinya.

Asubuhi nikarudi peke yangu,
kikopo ndani ya barafu, barafu ndani ya ndoo,
ndoo mapajani kama kitu cha kanisani.
Mzee wa kiti cha pili akanusa hewa, akauliza:
"Jibini hiyo, mama? Unauza?"
"Siuzi," nikamwambia.
Nikaikumbatia ndoo kila kona
hadi mlangoni pa maabara.

Majibu Ijumaa.
Leo ni Jumanne, na anaomba mnanaa.