Mshale wa Penseli

Ulipokuja mara ya kwanza, Daktari Agripina,
ulibeba karatasi ndefu kuliko meza yetu ya chai.
Tukaibana pembe kwa nati mbili, spana,
na kikombe cha Nambunga kilichovunjika mkono.

Visanduku. Mishale. Ghala, boila, visu, tanuri,
chumba cha kumenya, mizani, lori la kwenda bandarini.
"Huu ndio mfumo," ukasema.
Nikautazama kama mtu anayeonyeshwa picha ya mkewe
iliyopigwa kwa mbali, kisogoni.
Ni yeye, ndiyo. Lakini.

Bosi alitaka punje nzima, basi.
Chuo kilitaka jibu litakalosimama hata nje ya Newala.
Miezi miwili mkavutana,
nami katikati na boila langu,
geji palepale ulipoamuru, dakika zilezile,
na korosho zikitoka kwenye visu vipande vipande.

Hesabu zako hazikuwa na kosa. Nasema mbele ya watu.
Unyevu wa hewa uliuchukua uwanja wa ndege, kule chini pwani.
Huku juu ukungu hupanda kutoka bondeni alfajiri,
hupita chini ya mlango wa ghala bila hodi,
hulala na magunia ya ukutani;
ya katikati haujui hata majina yao.

Aliyejua ni Bi Somoe,
miaka kumi na tisa ya kubangua,
ncha za vidole nyeusi kwa mafuta ya ganda.
Alichota kiganja, akatikisa sikioni.
"Hizi zimekunywa. Zile zina kiu.
Mnazipikaje chungu kimoja?"

Ulinyamaza.
Kisha ukaokota korosho, ukatikisa,
ukakiri husikii kitu.
Wiki nzima ulikaa ubavuni pake ukikosea,
naye akikucheka kwa Kimakonde, pole pole, ili ujifunze na hilo.

Sasa pana debe ghalani,
limefungwa kipaza sauti cha simu mbovu.
Korosho zikidondoka humo, kompyuta husikiliza,
hunipa dakika za mvuke, fungu kwa fungu.
Wanafunzi wako waliunganisha nyaya, mimi nililehemu,
bosi alilipa baada ya kununa siku nne.
Katika kumi, debe hukosa moja.
Bi Somoe akikosa, hasemi.

Juzi umeleta karatasi mpya.
Kando ya ghala, mshale mwembamba wa penseli
unatoka kwenye duara dogo: *sikio*.
Na juu, majina ya waandishi: lako, la wanafunzi, langu,
na Somoe Chilumba.

Akaomba asomewe mara mbili.
Kisha akauliza, kwa upole tu,
kama jina hilo litaongeza chochote Ijumaa, siku ya malipo.

Wewe ukainamia penseli yako.
Bosi akaanza kuitazama geji yangu,
ambayo hajawahi kujua kuisoma.