Tumbusi Hawakuja

Baba alikufa Jumanne, mwezi wa Julai,
mvua ikiigongea Mumbai kama mtu anayedai chake,
na kuhani Aspandiar alipoingia hakuuliza saa ngapi
wala ugonjwa gani. Aliuliza:
"Mbwa yuko wapi?"

Akaletwa mbwa wa rangi ya maziwa yaliyoungua,
madoa mawili juu ya macho, ndiyo maana huitwa wa macho manne.
Akamtazama baba. Akapiga chafya. Akageuza uso.
Hapo ndipo dini yetu hukubali kwamba mtu amekufa.
Mashine ya hospitali ilishasema saa tano kabla,
kwa mstari mmoja mnyoofu,
lakini mashine, alisema mama, haina pua.

Mimi ni mfamasia. Nimesoma kinachofuata.
Seli hukosa hewa, hujifungua zenyewe
kama nyumba ambayo mwenyewe ametoka bila kurudishia mlango,
na bakteria wa tumboni, wapangaji wa miaka themanini na miwili,
kwa kuwa hawajui kuhama,
huanza kula kuta.
Hakuna ubaya humo. Ni kazi tu.
Nilimweleza kaka yangu Rustom yote hayo kwa macho makavu.
Nililia baadaye, kwa sababu ya miwani:
kioo cha kushoto bado kilikuwa na alama ya kidole chake.

Mama ana hesabu zake.
Siku tatu roho hukaa karibu na kichwa,
imeduwaa kama msafiri aliyeshuka stesheni siyo.
Alfajiri ya nne hufika darajani.
Kwa mwema daraja hupanuka; kwa mwovu huwa makali ya wembe.
Ng'ambo anasubiri msichana,
na sura yake ni matendo yako.
"Baba yako atamkuta mzuri," mama akasema.
Akafikiri.
"Mzuri wa kadiri. Aliwaonea sana madereva wa teksi."

Zamani, mwili uliopandishwa mnarani
ulikwisha kabla chai ya wafiwa haijapoa.
Ndiyo iliyokuwa sadaka ya mwisho: kumlisha ndege,
usiinajisi ardhi, wala maji, wala moto.
Kisha ng'ombe wakapewa diklofenaki kwa maumivu yao,
ng'ombe wakafa, tumbusi wakala,
figo zao zikajaa chumvi nyeupe,
mbingu ikabaki na kunguru.
Dawa ileile ninayouza kaunta,
moja kila siku, baada ya chakula.
Ileile niliyompa baba kwa ajili ya magoti.

Sasa kule mnarani wameweka vioo vya kukusanya jua.
Julai, jua lenyewe huwa halipo kazini.

Usiku wa tatu, nikitafuta kiberiti cha taa ya mama,
nilifungua kopo la biskuti.
Vidonge. Tisini na kimoja.
Kila kimoja nilichomtia mkononi tangu Aprili,
na glasi ya maji, nikisimama pale hadi koo lipande na kushuka.
Alivibana shavuni kama mtoto.
Chini yake karatasi, mwandiko wa karani wa reli:
*Huenda amesalia mmoja. Asife kwa ajili yangu.*

Nilikaa jikoni mpaka utambi ukaanza kulalamika.
Nimesoma, kwa hiyo najua hakusalia hata mmoja kilimani.
Nimesoma, kwa hiyo najua pia
ngazi za ghorofa yetu ya tatu
zilimgharimu nini, asubuhi na jioni, siku tisini na moja,
huku akipiga mluzi ili nisisikie.

Alfajiri ya nne mvua ilikatika, dakika kumi hivi.
Mama akafungua dirisha. "Anavuka."
Nikaangalia juu ya minazi ya kilima.
Kunguru. Mwewe mmoja, labda wawili.
Sikuwa na hoja yoyote mdomoni.
"Daraja ni pana?" nikamuuliza.

Mama akategea sikio, muda mrefu,
kama alivyozoea kumtegea pale ngazini.
"Pana," akasema. "Ila anakwenda polepole.
Yale magoti."