Kifungo

Kabla ya Bunge kulikuwa na chumba kimoja, Sainshand,
ghorofa ya pili, juu ya duka la betri na biskuti,
chenye jiko la makaa lililokohoa kuliko wateja.
Mimi nilikuwa karani. Nilipiga chapa kwa vidole viwili.
Yeye, Narmandakh, wakili, alisimama dirishani
akiimla madai huku akihesabu mabehewa ya treni,
na hakuwahi kupoteza hesabu, wala sentensi.

Choijil alituletea kesi ya kisima.
Mgodi ulichimba, maji yakahama bila kuaga.
Alikuwa mtu wa matusi, mdaiwa wa kila duka;
hata ngamia wake walimkwepa.
Hakuwa na fedha, isipokuwa ile ya kifungo cha joho lake.
Akakikata kwa meno
akakiweka mezani, kina uzi bado.

Baridi sita za Gobi. Kesi iliahirishwa mara kumi na tisa.
Jaji mmoja alistaafu, wa pili akahamishwa,
wa tatu alisinzia, lakini alisinzia upande wetu.
Siku tuliposhinda, Choijil alimtukana hata yeye,
kwa mazoea tu.

Ndipo watu wakasema: wakili humwakilisha mmoja,
basi atuwakilishe sote.
Nikabandika picha zake nguzoni, gundi ikiganda kwenye brashi.
Nilimwona akila kiapo kwenye televisheni ya duka la betri:
koti la kijivu, na kifuani kifungo cha Choijil
kisichofanana na wenzake.
Kiapo huliwa. Sikujua kama kilimshibisha
au kilimkwama.

Mwaka wa kwanza alipiga simu kila Jumapili.
Wa pili, sikukuu.
Wa tatu, msaidizi wake aliniuliza mimi ni nani.

Kisha kikaja kifungu cha kumi na nne:
maji yote yaliyo chini ya ardhi ni mali ya taifa,
na taifa litayagawa.
Nilijua atakavyopiga kura. Nilimwekea muuza betri dau,
pakiti tano za biskuti.
Taa zikawaka ukutani mwa Bunge, nyekundu chache,
na jina lake likawa kijani.
Kidole kile kile
kilichofunua kurasa zetu kwa baridi sita
kilikuwa kimebonyeza.
Nililipa biskuti. Nikaishusha picha yake ofisini;
ukabaki mraba mweupe katikati ya masizi.

Bahasha yake ilifika baada ya wiki, nene.
*Walikuwa na kura za kutosha bila mimi,* aliandika.
*Yangu nimeiuza…*
Niliishia hapo. Nikaisukuma droo kwa goti.

Alishindwa uchaguzi kwa kura mia mbili na kumi na mbili.
Akarudi kwa treni ya usiku, na sanduku moja,
na chupa ya chai iliyopasuka.
Hakuuliza kuhusu mraba ukutani.
Alichochea jiko.

Choijil alikuja theluji ikiwa magotini. Hakusalimu.
Aliitupa sheria mezani: "Nani aliandika upuuzi huu?"
"Wengi," akasema Narmandakh.
"Ila hili niliandika mimi,"
na kidole kikatua mstari wa tatu, juu ya neno moja:
isipokuwa.

Isipokuwa visima vya wafugaji
vilivyoandikishwa kabla mwaka haujaisha.

"Wiki nzima," akasema, "sikulala, kwa neno hili.
Walitaka hata hilo lifutwe."
Kisha akanigeukia, kwa upole, kama zamani
alipotaka jalada.
"Zile fomu kumi na moja. Ya Choijil uliipeleka lini?"

Nje treni ya makaa ilikuwa ikipita.
Choijil alinitazama mimi. Naye akanitazama.
Nikageukia dirisha, nikaanza kuhesabu mabehewa.
Nilifika thelathini na nne,
goti langu likiwa limegusa droo,
nikapoteza hesabu.